Tableti ya Kumsemea Jaji

Asubuhi ile ya Ijumaa benchi la Mek Nah lilikuwa na watu watatu na nafasi ya mtu wa nne, na hakuna aliyethubutu kujinyoosha akaila ile nafasi. Ilikuwa ya Jaji, mwamuzi wa mashindano ya njiwa wa kuimba. Benchi lenyewe si kitu cha kujivunia: ubao uliopinda katikati, umeegemezwa ukutani mwa duka la chai la mama huyo, hapo Saiburi, pale njia ya sokoni inapokutana na njia ya msikitini. Lakini tangu wanaume wa mtaa ule wajue kunywa kahawa, hakuna jambo lililopata kuamuliwa bila kupitia hapo: nani anamuoa nani, njiwa wa nani ana sauti, serikali ya wapi inaanguka na kwa nini imechelewa. Ng'ambo ya njia ndiyo nyumba ya Jaji mwenyewe, na milingoti yake ya kutundikia matundu ya njiwa wapate jua waimbe. Siku hiyo milingoti ilikuwa mitupu. Mbele ya mlango lilikuwa limeegeshwa pikapu la bintiye, Saerah, aliyetoka Satun jana yake kuja kumchukua baba akamuuguze kwake. Baada ya swala ya Ijumaa wangeondoka.

Useng alikuwa amekaa kiupande, uso ameuelekeza jikoni kwa Mek Nah, ili asilione lile pikapu. Kijiweni anaitwa Mpira. Kwanza kwa sababu ujana na uzee wake wote ameumalizia kwenye mashamba ya mpira, akichanja miti na kukinga utomvu. Pili kwa sababu, wanasema, ukimtupia neno linadunda, halimwingii. Hilo la pili si kweli. Linamwingia sana, ila halitoki.

Kulia kwake alikaa Yusoh, aitwaye Bangkok. Huyu aliwahi kuuza chapati mji huo kwa msimu mmoja tu, akarudi na maoni ya kumtosha mpaka kaburini. Kushoto alikaa Doloh Feni, mdogo wao kwa umri, fundi wa feni, redio na masufuria ya umeme ya kupikia wali. Yeye ndiye aliyekuwa na simu ya maana, na funguo za pikipiki alikuwa anazichezesha kidoleni.

— Wazee, semeni basi, Doloh alisema. Pikipiki ina mafuta, duka la Pattani limeshafunguliwa. Niende, ninunue, nirudi, tumpe kabla hawajaondoka. Nikichelewa hapa tumeaibika.

— Mimi nilishasema, Bangkok akajibu. Aipadi. Mtu mkubwa apewe kitu kikubwa.

— Jana ulisema Samsung.

— Jana nilikuwa sijala.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jaji, jina lake Leman, alipigwa na kiharusi akiwa uwanjani kwenye mashindano ya njiwa, anaita alama. Mtu huyu akiita alama, kipaza sauti kilikuwa kinawekwa pembeni kwa heshima. Akaanguka, akaamka hospitali, mkono wa kulia haufanyi kazi na ulimi hautamki. Kesho yake Bangkok akasimama msikitini baada ya swala, hajatumwa na mtu, akatangaza mbele ya imamu na shemeji zake Jaji kwamba benchi la Mek Nah litamnunulia mwenzao tableti ya kumsemea: unabonyeza picha au unaandika neno, yenyewe inatamka. Watu wakasema alhamdulillah. Wengine walilia.

Sasa huku mgonjwa haendewi mikono mitupu. Ungeweza kwenda na machungwa au bati la biskuti, hakuna ambaye angekuangalia vibaya. Lakini ukishatangaza tableti mbele ya imamu, utaingiaje na machungwa? Kwa hiyo wakangoja wachague kwanza tableti, ndipo waende. Jaji akatoka hospitali, akarudishwa nyumbani, ng'ambo ya njia, mahali ambapo mtu wa benchini akipiga chafya wa kule husema Mungu akurehemu. Nao bado walikuwa wanachagua.

— Aipadi moja ni Samsung mbili na chenji ya kununulia kava, alisema Doloh.

— Kwani Jaji ana midomo miwili?

— Sikiliza, Pok Soh, Doloh akamwambia Bangkok, kwa ile Pok ya kumheshimu mzee. Samsung ile niliyoiona ina kioo kipana. Jaji atabonyeza kwa mkono wa kushoto, na ule wa kushoto wake hata kijiko ulikuwa haukijui. Anataka vitufe vikubwa kama sahani.

— Nani kakwambia atabonyeza kwa kushoto? Useng akauliza.

— Si wa kulia umekufa?

— Umeuona?

— Nimeambiwa.

Useng alirudisha macho jikoni. Yeye pia alikuwa ameambiwa.

Mek Nah akatoka na birika, akamimina kahawa nyeusi juu ya maziwa mazito ya kopo, akakoroga kwa hasira ya mtu anayejua kwamba wateja wake hawatanunua chochote cha kula.

— Nyie mtachagua mpaka Jaji aote meno mapya, alisema.

— Mek Nah, hili jambo la kitaalamu, Bangkok akamwambia. Tuna ile ya tatu pia, ya Kichina, ya bei ya kutupa.

— Ile? Doloh akacheka. Nimeletewa moja niitengeneze ikiwa bado ina nailoni.

— Haya, tuseme hizi mbili. Betri je? Betri ikiisha katikati ya maneno? Jaji anamwambia mkewe "niletee", puu, giza! Niletee nini? Mek Timoh ataleta nyumba nzima.

— Atachomeka chaja.

— Na umeme ukikatika usiku?

— Kwani wewe usiku unazungumza?

— Ndiyo wakati wangu huo. Mchana mke wangu hanipi nafasi.

Walicheka, Useng naye akacheka kidogo, kisha jicho likamponyoka likavuka njia. Saerah alikuwa ametoka na godoro, analifunga nyuma ya pikapu kwa kamba. Aliwaona. Akainua mkono. Wote watatu wakainua mikono kwa pamoja, halafu wakainama kwenye simu ya Doloh kwa bidii ya watu walio kazini.

— Anatuona, Doloh alinong'ona.

— Anajua tunashughulikia, alisema Bangkok. Wewe, zile sauti uzilete.

Hili la sauti ndilo walilokuwa wamelikimbilia tangu juzi. Doloh alikuwa amekwenda dukani Pattani akaomba azijaribu zote mbili, akaandika neno lilelile, "nataka maji ya kunywa", mashine zikatamka, akazirekodi kwenye simu yake. Na watu wa Saiburi hawapokei kitu chenye sauti hivihivi. Hata kengele ya baiskeli wataisikiliza wamefumba macho, kiganja nyuma ya sikio, kama wanavyomsikiliza njiwa: sauti ya mbele ikoje, ya kati ikoje, na ya mwisho inavuma au inakatika.

Doloh akabonyeza. Mashine ya kwanza ikaomba maji. Macho yakafumbwa.

— Mbele yake safi, alisema Bangkok. Ameingia kwa adabu. Kati yuko sawa. Mwisho anameza.

— Hamezi. Anafunga.

— Anameza, Doloh! Hana ule mvumo. Njiwa wa hivi huwezi kumpandisha mlingotini, utachekwa.

— Weka ya pili, Useng alisema.

Ya pili ikaomba maji. Useng alifumba macho na, kwa mara ya kwanza siku nyingi, kifua chake kikalegea. Hili alilijua. Hapa hapakuwa na ugonjwa wala hospitali, palikuwa na sauti na masikio.

— Hii ina pumzi, alisema. Haina haraka. Ya kati imetulia.

— Lakini mbele inakwaruza.

— Mbele inakwaruza, kweli. Ila mwisho, sikiliza mwisho. Rudia, Doloh.

Ikarudiwa. Yakaombwa maji mara nyingi mno asubuhi ile, mpaka Mek Nah akatoka jikoni na glasi ya maji akaiweka mbele ya simu.

— Mpeni anywe anyamaze, alisema.

— Mimi nasema ya kwanza, Bangkok akashikilia.

— Mimi ya pili, alisema Useng.

— Basi, alisema Doloh, na aliposema basi wote watatu waligeuka, kwa mazoea tu, wakaitazama ile nafasi tupu ya benchi. Maana ubishi wa sauti hapo kijiweni haukuwahi kumalizwa na mtu mwingine. Jaji alikuwa anaachia kila mtu apayuke, kisha anaweka kikombe chini na kutoa alama, na alama ikishatoka watu wanaongea mengine. Bangkok akakohoa.

— Na hata hivyo zote ni sauti za wanawake, alisema, haraka, kama mtu anayeziba tundu.

— Eee, na kweli, Doloh akashituka. Hilo sikuliwaza.

— Jaji! Jaji wa njiwa wa nchi nzima, aseme kwa sauti ya kibinti! Na Mek Timoh je? Analala, anasikia mwanamke chumbani anaomba maji. Hatauliza mara mbili. Ataamka na mwiko.

— Inabadilishwa, Pok Soh. Kuna sauti ya mwanaume.

— Mwanaume gani?

— Mwanaume tu. Wa ndani ya mashine.

— Unamjua kwao? Unajua ukoo wake? Mwanaume tusiyemjua akae chumbani na Mek Timoh usiku kucha, eti anamsemea mumewe? Tutakuwa tumefanya nini hapo?

Mek Nah alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Doloh naye alicheka, lakini funguo zilikuwa zimeacha kuzunguka kidoleni. Jua lilikuwa limefika kwenye paa la msikiti. Ng'ambo, Saerah alitoka tena, safari hii na kapu la nguo.

— Wazee, jamani. Nikaseme nini dukani?

— Ngoja, bado kubwa, alisema Bangkok, na akashusha sauti. Hizi mashine si zinakisia? Unaanza neno, yenyewe inamalizia?

— Zinakisia, ndiyo. Ni msaada, ili mtu asiandike sana.

— Msaada! Jaji amekula, anataka kumwambia mkewe nimeshiba. Anaandika mwanzo wake, kidole kinateleza, mashine inajikisia, inatamka: nimekuacha!

— Haiwezi.

— Na kidole cha kushoto, Doloh, hakina breki. Kinabonyeza mara ya pili. Mara ya tatu. Nimekuacha, nimekuacha! Mtu alikuwa ameshiba wali wake tu, talaka tatu hizo, na Mek Timoh kashika sahani!

— Talaka ya mashine haihesabiki, alisema Mek Nah.

— Nani kasema? Tableti ni ya nani? Ya kwake. Kidole cha nani? Chake. Kama anaweza kuomba maji kwayo tukasema ameomba yeye, akiacha mke kwayo tutasema ameacha nani? Mpira, jibu.

Lile swali lilikuwa limepita kwenye kicheko cha wenzake likamfikia Useng likiwa halichekeshi tena. Alikuwa anawaza maneno mengine, yale ambayo mtu huambiwa ayaseme mwisho kabisa, jamaa wamekaa pembeni wanamkumbusha.

— Na shahada? aliuliza.

— Shahada gani?

— Siku ikifika. Ulimi wake hauwezi. Itamtamkia hiyo?

Bangkok akaweka glasi chini.

— Usituletee habari hizo asubuhi, Mpira.

— Moyo unatosha, Pok Seng, Doloh alimwambia Useng taratibu. Ustadhi alitufundisha. Asiyeweza kutamka, moyo unatosha.

— Najua unatosha. Nauliza tu, aipadi au Samsung.

Mek Nah aliingia jikoni na birika lake bila kumtania mtu.

Useng aliogopa. Tuseme kama ilivyo, maana yeye asingesema. Toka wakiwa watoto wanagombania matope ya mtoni, Leman alikuwa anasema na Useng anasikiliza. Ndivyo urafiki wao ulivyokuwa umekaa, kama mlango na bawaba yake. Alfajiri akichanja mpira alikuwa akijifunza maneno ya kwenda kumwambia: Leman, usijali, Leman, Mungu yupo, na kila alipoyafanyia mazoezi mbele ya mti aliyaona ni ya mtu mwingine. Aliogopa kuingia mle ndani akaukuta uso wa rafiki yake unahangaika kutafuta neno, naye asijue aangalie wapi. Tableti ikiwepo, alifikiri, wataitazama tableti. Kwa hiyo alitaka ichaguliwe vizuri, na moyoni, Mungu amsamehe, alitaka pia isichaguliwe upesi.

— Tupige kura, alisema Doloh. Mikono juu. Aipadi?

Bangkok akainua mkono.

— Samsung?

Doloh akainua wake mwenyewe.

— Pok Seng?

— Ile ya pili kwa sauti.

— Ya pili ndiyo ipi? Nilichanganya nilipokuwa narudia.

— Wewe! Bangkok akapiga paja. Hujui ipi ni ipi? Tumetoa alama zote hizo kwa nani?

Wakawa wanagombana hivyo, Doloh anarudisha mbele na nyuma, mashine zinaomba maji, ndipo pikipiki ngeni iliposimama mbele yao. Aliyeshuka alikuwa mwanamume mnene mwenye shati la mistari, na mbele ya usukani alikuwa amefunga tundu la njiwa lililofunikwa kitambaa cha maua. Alifungua kamba za tundu, akalibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi, akatoa salamu, akaketi. Aliketi pale penye nafasi. Angejuaje? Wote watatu walitazamana.

— Chai ya maziwa, mama, mgeni aliita. Jamani, natoka Chana. Natafuta kwa Jaji Leman. Nimeambiwa sikio lake halidanganyiki. Huyu wangu wenzangu wananiambia anafaa, na mimi nasema mnanipendezesha tu. Nikasema niende kwa mwenyewe, aniambie moja kwa moja.

Bangkok alimweleza. Doloh akamsaidia kueleza. Walieleza uwanja, kuanguka, mkono, ulimi, msikiti. Halafu wakafika kwenye tableti na hapo wakapata nguvu mpya, mmoja anamkata mwenzake: kioo kipana, betri, chaja, sauti ya kibinti, mwanaume asiye na kwao, talaka tatu kwa sahani moja ya wali. Walimsikilizisha mashine zote mbili. Mtu wa Chana alisikiliza kwa adabu, kiganja nyuma ya sikio kama inavyotakiwa, na chai yake ikapoa. Walipomaliza, Bangkok akamsogelea.

— Sasa wewe huna upande. Wewe ungechagua ipi?

Mgeni alitikisa kichwa.

— Masikini, alisema. Masikini mzee wa watu. Na leo ameamkaje?

Bangkok akafungua mdomo.

— Anaendelea, alisema.

— Alhamdulillah. Anakula? Anakaa mwenyewe?

Doloh alikuwa anaifuta simu yake kwa shati, anaifuta sana. Bangkok akageuka jikoni.

— Mek Nah! Eti Jaji leo ameamkaje?

— Unaniuliza mimi? sauti ya Mek Nah ikatoka ndani. Nyumba yake iko wapi, Bangkok?

Mtu wa Chana alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaitazama ile nyumba ya ng'ambo yenye milingoti mitupu, kisha akakitazama kikombe chake. Alikuwa mtu mwema, hakuuliza tena. Njiwa wake alijikuna ndani ya kitambaa. Hata jana jioni, hata juzi, kama mtu angesimama njiani akawauliza neno hilo moja, wasingekuwa na jibu, wao watu wa kujua serikali ya wapi inaanguka.

Useng akasimama.

— Unakwenda wapi? Bangkok akauliza.

— Kuuliza.

— Na mkononi?

Useng alijitazama mikono. Ilikuwa na weusi wa utomvu uliokaukia kuchani, hautoki hata kwa mafuta ya taa.

— Hivi, alisema.

— Mpira, tulitangaza mbele ya imamu! Utatuvunjia heshima. Ngoja, dakika moja, Samsung, basi, Samsung, nimekubali!

Lakini alikuwa ameshashuka barabarani. Mlangoni Saerah alimpokea kwa mikono miwili, akagusa kifua. Pok Seng, karibu, alisema, basi. Hakumlaumu, na Useng angefurahi kulaumiwa.

Jaji hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono, ameelekea mlangoni. Amekonda, shavu moja limeshuka. Lakini alikuwa amevaa shati jeupe la kola, limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na sarungi ya sikukuu, na kofia, nywele za pembeni zimepakwa mafuta. Marashi yake yalikuwa yamejaa chumba.

— Anakwenda kuswali? Useng aliuliza, na akajiona mjinga palepale.

— Haendi popote, alisema Mek Timoh. Alikuwa amepiga magoti anafunga kifurushi cha dawa, na hakumwangalia. Kila siku ndivyo hivi. Tangu arudi hospitali, akiamka ananionyesha kabati. Nikimvisha ya nyumbani anaivuta mpaka kifungo kinatoka. Anawasikia mko pale nje. Anakaa hapo, anatazama mlango. Chai naipika ya watu wengi, inapoa, naimwaga. Leo nimemwambia baba, tuna safari ndefu, vaa kitu chepesi. Amekataa. Amesema kwa kichwa: watakuja.

Jaji alitoa sauti. Haikuwa neno. Ilianzia mbali, ikakwama njiani, ikatoka imevunjika, na uso wote ukahangaika nayo, kama vile Useng alivyokuwa ameogopa. Lakini hakuhitaji kutafuta pa kutazama. Macho ya Jaji yalikuwa yaleyale, na yalikuwa yanamcheka, na chini ya kucheka yalikuwa yamejaa maji. Useng alipiga magoti akaushika ule mkono uliokufa, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Ulikuwa wa moto. Maneno yake yote ya shambani yalimtoka, hakulikumbuka hata moja.

— Umeamkaje, Leman? alisema.

Jaji alimbana kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu. Kisha akamwangalia juu ya bega, akaangalia mlango. Akamrudia Useng. Akauangalia tena mlango, na ile sauti iliyovunjika ikaja mara ya pili, fupi, ya kuuliza.

Useng aliinuka akaenda dirishani. Alivuta pazia, akalisukuma dirisha mpaka likagonga ukuta. Kule benchini walikuwa wamesharudi kazini: Doloh ameinua simu sikioni kwa mtu wa Chana, Bangkok anahesabu kitu kwenye vidole vyake. Hakuna mtu Saiburi aliyewahi kumsikia Useng akipaza sauti, na yeye mwenyewe hakujua kama anayo.

— Njooni!

Bangkok aliruka, kahawa ikammwagikia.

— Bado hatujachagua!

— Njooni hivyohivyo! Useng alipiga kelele, na sauti ikamkatika katikati, ikabidi aanze upya. Njooni! Mwenzenu amevaa!